Safu ya ushauri: Kocha wa mazoezi, ratiba imejaa lakini mfuko mtupu

Mshauri, salaam.

Mimi ni kocha binafsi wa mazoezi, huu ni mwaka wa tatu. Nina wateja 16 na kwa wiki napanga vipindi 26 vya saa moja moja: 14 vya jimu, ambako mwenye jimu anakata asilimia 40 ya kila kipindi, na 12 vya majumbani, ambako bei yote ni yangu. Kila wiki vipindi kama sita vinaghairiwa, vingine nikiwa nimeshafika. Naamka kabla ya alfajiri, usiku nalala na simu mkononi nikijibu "kocha, nile nini?", na mwisho wa mwezi sioni kilichobaki. Bei yangu ni ileile niliyoanza nayo.

La pili, wateja hawadumu. Wanaanza kwa moto, mwezi wa tatu hawaonekani. Nawabadilishia mazoezi kila siku wasichoke, lakini wapi.

Sasa ameingia kocha mpya jimu kwetu, anatoza nusu ya bei yangu. Nishushe? Nichukue cheti kingine? Au nikope nifungue jimu yangu mwenyewe? Halafu nina mteja wa miaka 58, anameza dawa za presha, na anataka kunyanyua vyuma vizito kama vijana. Huyu nimfanyeje?

Kocha Mchovu

MSHAURI ANAJIBU

Kocha, pole na kazi.

Bei usishushe. Kabla sijasema kwa nini, chukua kalamu tufanye hesabu ambayo makocha wengi wanaikimbia. Tutaifanya kwa vipindi badala ya fedha, maana fedha zikipita mkononi kwa wingi zinamdanganya mtu kuwa ni zake.

Kati ya vipindi 26, sita vinaanguka, unabaki na 20. Tuseme 11 ni vya jimu na 9 vya majumbani. Vya jimu ukitoa asilimia 40 vinakuachia thamani ya vipindi 6.6. Vya majumbani ni 9 kamili. Jumla 15.6. Njoo upande wa muda. Kufundisha kumekula saa 20. Njiani, nusu saa kwenda na nusu saa kurudi kwa kila nyumba, ni saa 9 nyingine. Waliokughairi wamekula saa 6 ulizowatengea. Meseji na kuandaa programu, saa moja kwa siku kwa siku sita, saa 6 tena. Zote pamoja ni saa 41. Gawanya 15.6 kwa 41 upate 0.38. Maana yake, katika kila saa unayotumikia kazi hii unalipwa dakika 23. Dakika 37 zinavuja, na huyo kocha wa nusu bei hakuzitoboa yeye.

Weka tarakimu zako halisi, huenda zikatofautiana kidogo na hizi. Lakini mianya itakuwa ileile, kwa hiyo tuanze kuiziba kwa ule unaozibika haraka zaidi.

Wanaoghairi wanaghairi kwa sababu hakuna wanachopoteza. Mteja anayelipa baada ya kipindi ana uhuru wa kuamka na kuamua leo hajisikii. Hamia kwenye malipo ya mwezi yanayolipwa kabla: vipindi 8 kwa mwezi kwa anayekuja mara mbili kwa wiki, 12 kwa anayekuja mara tatu, na siku zao ziwe za kudumu. Akitoa taarifa saa 24 kabla, kipindi kinahamishwa ndani ya wiki hiyohiyo. Akichelewa kutoa taarifa, kipindi kimeliwa. Ukighairi wewe, unamfidia kipindi hicho na unamwongeza kimoja bure. Bila kipengele hicho watakuona mkoloni. Weka pia msamaha mmoja kwa kila miezi mitatu, usiohitaji maelezo, ili siku mtoto ameugua usianze kubishana na mzazi wake. Vipindi 8 viishe ndani ya wiki 5. Bila ukomo huo utakuta watu wana viporo vya vipindi vya miezi minne iliyopita, wanakuja kuvidai wote wakati ambao huna nafasi.

Haya yote yaandike kwenye karatasi moja, yeye asaini na wewe usaini. Kwa wateja wa zamani, tangaza mwezi mmoja kabla. Kati ya vipindi sita vinavyoanguka, ukiokoa vinne tu, ama kwa kuja ama kwa kulipa, vipindi vinavyolipwa vinakuwa 24: tuseme 13 vya jimu, vinavyokuachia 7.8, na 11 vya majumbani. Jumla 18.8 badala ya 15.6. Hilo ni ongezeko la asilimia 20, na hujaongeza mteja wala hujagusa bei.

Tahadhari moja kuhusu fedha za kulipwa kabla: siku unayozipokea bado si zako, ni deni la vipindi. Kocha akila fedha za mwezi mzima wiki ya kwanza, wiki ya tatu anafundisha huku akijiona anafanya kazi ya bure, na mteja akitaka kurudishiwa salio inakuwa kesi. Tenga akaunti mbili. Malipo yote yaingie ya kwanza. Kila Jumamosi hesabu vipindi ulivyofundisha na uhamishe thamani yake tu kwenda ya pili. Kodi ya serikali na bima zitolewe hapo kabla ya matumizi yako. Kama huna bima ya dhima, inayokulinda mteja akiumia mikononi mwako na kudai fidia, hiyo itangulie kila kitu nitakachotaja.

Sasa wateja wa majumbani. Unaona raha kwamba kule hukatwi, lakini pima tena. Kipindi cha jimu kinakuachia 0.6 kwa saa moja. Cha nyumbani kinakuachia 1 kwa saa mbili ukihesabu na njia, yaani 0.5 kwa saa. Unapata pungufu huko unakojiona bosi! Ili mizani ilingane tu, bei ya nyumbani lazima iwe mara 1.2 ya bei ya jimu, na mimi ningeiweka mara 1.4 kwa sababu ya foleni na ketibeli, yale mapande ya chuma yenye mshikio, unazobeba. Dawa nyingine ni kuwapanga kwa maeneo: wa upande mmoja wote wawe Jumanne na Alhamisi asubuhi, wafuatane. Ukifundisha watatu kwa safari moja, ile saa ya njiani wanagawana. Asiyekubali siku hizo aje jimu.

Kwa mwenye jimu, linganisha asilimia 40 na kodi ya kudumu ya mwezi kama anaitoa. Kwa vipindi 13, unamwachia thamani ya vipindi 5.2 kila wiki. Kodi ukiigawa kwa wiki ikawa chini ya hapo, inaonekana nafuu, ila ipige hesabu kwa mwezi wako mbaya kuliko yote, ule wa likizo ambao nusu ya wateja wamesafiri. Komisheni inapungua pamoja na wewe. Kodi ya kudumu haina huruma ya namna hiyo.

Bei, basi. Ukishusha hadi nusu, ili upate unachopata leo unahitaji vipindi 40 vilivyolipwa kwa wiki badala ya 20. Huna saa hizo, na mwili wako hauna. Ukipandisha kwa asilimia 20, hata wakiondoka wateja wawili kati ya 16, waliobaki 14 mara 1.2 ni 16.8, bado uko juu ya ulipokuwa, na umerudishiwa saa zao. Wakiondoka watatu unateremka kidogo tu, 15.6. Anza na wateja wapya wiki hii hii. Wa zamani wape taarifa ya miezi miwili, kwa sentensi mbili, bila kuomba radhi na bila hadithi ya gharama za maisha. Lakini usiwapandishie kabla hujarekebisha hili linalofuata, kwa sababu hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe.

Wateja hawakukimbii kwa kuchoka na mazoezi. Wanakukimbia kwa sababu hawaoni kitu, na hawaoni kwa sababu unabadilisha mazoezi kila siku. Mgeni wa vyuma hupata nguvu upesi sana wiki za mwanzo. Nguvu hiyo inatoka zaidi kwenye mishipa ya fahamu, inayojifunza kuiamrisha vizuri misuli iliyokuwepo tayari. Misuli yenyewe inanenepa taratibu baadaye. Kufika wiki ya 8 au ya 12 ile kasi inapoa. Mteja anapanda mzani, kilo ni zilezile. Anajiangalia kwenye kioo, kitambi kipo. Anakugeukia wewe, nawe huna namba hata moja ya kumwonyesha, kwa sababu leo alifanya hiki, juzi kile, na hakuna kinacholinganishwa na kingine.

Chagua mienendo mitano: kuchuchumaa, kuinamia nyonga na kunyanyua, kusukuma, kuvuta, na kutembea na mzigo mikononi. Kwa kila mteja teua zoezi moja kwa kila mwendo na usiliguse kwa wiki 8. Anayependa ladha mpya mpe kwenye dakika tano za kupasha mwili na tano za mwisho, huko ruka naye unavyotaka.

Chukua kuchuchumaa. Mteja anashika dambeli moja wima, kifuani, viganja viwili chini ya kichwa cha juu, viwiko vikielekea chini. Visigino havinyanyuki. Wiki ya kwanza kilo 8, seti 2 za marudio 8, yaani mizunguko miwili ya kuchuchumaa mara nane na kupumzika katikati, aishie akiwa bado ana akiba ya marudio 3. Wiki ya pili au ya tatu ongeza seti ya tatu. Akifikisha seti 3 za marudio 10 na akiba ya 2, mwongeze kilo 2 na umrudishe kwenye 8. Akiba usiiamini mdomo wake, maana wageni wengi husema "nimeisha" wakati wana marudio manne, tazama kasi. Rudio likianza kupanda kwa kusuasua, hapo kweli akiba inakwisha. Na daftari liandikwe palepale, mstari mmoja: "kilo 16, 3×8, akiba 2, goti la kulia linaingia ndani rudio la 7." Huo mstari una thamani kuliko picha yoyote ya tumbo lako utakayoweka mtandaoni.

Ongezea vipimo vitatu visivyo na gharama, wiki ya 1, ya 6 na ya 11. Kiuno kwa tepu ya fundi cherehani, usawa wa kitovu, baada ya kutoa pumzi, muda uleule wa siku. Kuinuka kitini: mikono imekunjwa kifuani, anainuka na kukaa mara ngapi kwa sekunde 30. Mapigo ya moyo, yahesabiwe dakika nzima baada ya kukaa kimya dakika tano. Mzani ukiwa umegoma, kimojawapo cha hivi kwa kawaida kimesogea. Wiki ya 6 keti naye dakika 15, daftari liwe katikati yenu, amwone yule mtu wa kilo 8 alivyokuwa. Mazungumzo ya kuendelea yafanye wiki ya 11 ya programu ya wiki 12. Ukingoja kipindi cha mwisho, atakuwa ameshaamua.

Dakika hizo hizo za wiki ya 6 ndizo za kuomba mteja mpya. Mtu aliyetoka kuona namba zake zimepanda hana haja ya kushawishiwa. Mwambie, "Wiki ijayo njoo na rafiki yako mmoja, afanye kipindi pamoja na wewe, hatalipa." Rafiki akija, mpe kazi ndogo.

Nasisitiza kazi ndogo, kwa sababu siku ya kwanza ndiyo makocha wanayoharibu zaidi. Kocha anataka kuonyesha uwezo, anampa mgeni seti nne nne za kila kitu na kuruka mara mia. Maumivu ya misuli huja kileleni kati ya saa 24 na 72, kwa hiyo wewe unamwona ameondoka anacheka, na keshokutwa anashuka ngazi kinyumenyume akikulaani. Seti mbili kwa kila zoezi zinatosha. Na kuna hatari kubwa kuliko aibu: misuli ikivunjwa kupita kiasi humwaga yaliyomo kwenye damu na kuziumiza figo. Mteja akikuambia mkojo una rangi ya chai ya rangi au kola, misuli imevimba na haina nguvu, usimshauri anywe maji alale. Aende hospitali saa hiyohiyo.

Baada ya hapo, ukitaka kipato kipande bila kuongeza saa, tengeneza kikundi kidogo. Watu watatu, kila mmoja analipa asilimia 60 ya bei ya peke yake, ni 1.8 kwa saa moja. Wanne kwa asilimia 50 ni 2. Kosa linaloua vikundi ni kugawa bei kwa idadi ya waliokuja. Mmoja akikosa, waliobaki wanalipa zaidi, wananuna, kikundi kinakufa. Uza kiti: kiti ni chako umelipia, uje usije. Wakusanye kwa uwezo wa mwendo, sio kwa umri au urafiki, na kabla ya kuwaunganisha kila mmoja afanye angalau vipindi vinne peke yake, ili usije ukawa unamfundisha mmoja kuinama huku watatu wanakutazama.

Cheti kingine hakitakuletea mteja hata mmoja. Kama cha kwanza ulikipata kwenye taasisi yenye mtihani unaotambulika, kwa mfano ACSM au NSCA za Marekani, kinatosha. Hakikisha tu mafunzo ya huduma ya kwanza na kufufua moyo hayajapitwa na muda. Fedha ukizipata, soma kozi inayohusu watu ulio nao tayari. Wateja wako wakiwa wengi ni wa umri wa kati wenye presha na sukari, hiyo ndiyo kozi yako.

Jimu ya mkopo, hapana. Siku ukiwa umejaza saa zote za asubuhi na jioni kwa miezi sita mfululizo, kuna watu wanasubiri nafasi, na una kocha wa pili anayefundisha kwa daftari lako bila wewe kusimama pembeni, niandikie tena.

Sasa mzee wa miaka 58. Dawa za presha hazimfungii vyuma. Mazoezi ya nguvu yanamfaa, na Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2020 linashauri watu wazima, wakiwemo wenye presha, wafanye ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki. Lakini asinyanyue chochote kabla hujampa dodoso la afya la PAR-Q, lile la maswali 7 ya mwanzo, na kwa kuwa jibu la swali la dawa ni ndiyo, alete barua ya daktari wake. Nunua mashine ya presha ya mkononi. Apumzike dakika tano akiwa ameketi, mpime kabla ya kila kipindi na uandike. Namba ya juu ikizidi 180 au ya chini ikizidi 110, hakuna vyuma siku hiyo, anampigia daktari.

Muulize jina la dawa. Zile zinazoishia na "-olol", kama atenolol na bisoprolol, hushusha mapigo ya moyo, kwa hiyo ile fomyula ya kukadiria mapigo ya juu kabisa, 220 ukitoa umri, itakudanganya: mapigo yataonekana ya mtu aliyepumzika wakati yeye yuko hoi. Tumia kipimo cha juhudi cha 0 hadi 10 na ukae kwenye 5 au 6, na kwenye kutembea au baiskeli awe anaweza kuzungumza sentensi. Uzito wake uwe wa marudio 10 hadi 15, akiba 3. Adui yake mkubwa ni kubana pumzi: mtu akibana pumzi huku anasukuma, presha inaruka juu ghafla. Mhesabishe kwa sauti wakati wa kunyanyua, anayehesabu hawezi kubana. Mazoezi ya kulala chini yapange mwanzoni au mwishoni yote pamoja, asiwe anashuka na kuinuka mara kwa mara, na akiinuka akae kwanza kabla ya kusimama, maana baadhi ya dawa hizo humpa mtu kizunguzungu. Mwisho usimsimamishe ghafla, atembee taratibu dakika 5 hadi 10. Akisikia kifua kubana, maumivu kwenye taya au mkono, au kuishiwa pumzi kusikoelezeka, kipindi kimekwisha na unaita msaada.

Hizo kilo za vijana atazifikia baadhi yake, kwa kilo 2 kila mara. Mwonyeshe daftari akianza kulalamika.

Na zile meseji za usiku: kesho asubuhi waandikie wote kwamba unajibu mara mbili kwa siku, saa 7 mchana na saa 12 jioni. Ushauri wa kawaida wa chakula uandike mara moja kwenye ukurasa mmoja, uwatumie. Mwenye sukari, mjamzito au mwenye ugonjwa wa figo mwelekeze kwa mtaalamu wa lishe, hata akikubembeleza vipi.

Mshauri